Kufuga kware nyumbani kwa mayai na kitoweo: anza na ishirini tu

Nianze na hela maana najua wengi ndo mnaanzia hapo. Wanaokumbuka miaka ya 2013 na 2014, Kenya waliingia homa ya kware, kila mtu anafuga, wengine wamechukua mkopo, wengine wameacha kuku zao, yai dogo kama gololi linauzwa bei ya ajabu kwasababu watu waliambiwa linatibu sukari na presha na nguvu za kiume na kila kitu. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, nao wakasimama kusema huyo ni ndege wa porini kwahiyo anayefuga awe na kibali. Haikupita muda bei ikaporomoka, mayai yakawa hayana mnunuzi, watu wakabaki na mabanda yamejaa ndege wanaokula kila siku. Huku Bongo nako wapo walioumia vilevile. Kwahiyo kama umekuja hapa kutafuta utajiri wa miezi mitatu mi sina huo, ninachokuelekeza ni jinsi ya kupata mayai na kitoweo nyumbani kwako, kwenye nyumba ya kupanga au uwanja mdogo ambao kuku haenei, na ziada kidogo ya kuuza.

Na nikuambie ukweli mapema ili usije ukanilaumu: kwa yai tupu, kuku anamshinda kware. Yai la kware lina gramu kama 10 mpaka 12 hivi, ya kwake matano ndo yanakaribia moja la kuku. Kware anapokushinda wewe na kuku wako ni kwenye nafasi na haraka. Ishirini wanaenea kwenye kizimba cha mita moja kwa nusu mita kilichokaa barazani, hawawiki kwa nguvu kama jogoo alfajiri ya kugombanisha majirani, wanaanza kutaga wakiwa na wiki 6 mpaka 8 wakati kuku wa mayai unamlisha karibu miezi mitano ndo aanze, na wa nyama unachinja wiki ya 5 au ya 6. Hiyo ndo faida yake, ukiishika hiyo kichwani maamuzi mengine yote yatakuwa rahisi.

Jina nalo tulimalize hapahapa. Kware wa asili yetu ni yule mkubwa wa porini anayekimbia kwenye mashamba, huyu mdogo tunayemfuga asili yake ni Japani, na kwenye vitabu vya Kiswahili ndege wa jamii hii anaitwa tombo. Ila nani ataenda kuwaambia wakwe zake amewaletea mayai ya tombo? Mtaani ni kware, tuendelee na kware.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla ya kununua hata kifaranga

Kware mkubwa anakula kama gramu 25 mpaka 30 kwa siku. Chukua 30 ili usijidanganye. Ishirini ni gramu 600 kwa siku, mfuko wa kilo 50 utakupeleka siku 83 hivi. Sasa kati ya hao 20 tuseme majike ni 15 na madume 5, majike wakiwa kwenye kutaga vizuri utaokota kama mayai 12 kwa siku. Siku 83 mara 12 ni karibu mayai 1,000. Umeona hapo ilivyo rahisi? Bei ya mfuko mmoja wa chakula huko kwenu igawe kwa 1,000, hiyo ndo gharama ya chakula kwa yai moja, bado umeme, bado vifaranga wenyewe. Ukiona bei unayoweza kuuzia mtaani kwako haizidi hapo, basi fuga kwa kula tu na usifuge wengi. Mi hii hesabu sikuifanya mara ya kwanza, nilinunua vifaranga 50 kwasababu muuzaji alisema "chini ya hamsini haikulipi dada". Kweli haikulipa, yeye ndo alilipwa.

Na kama huna mpango wa kutotolesha, madume huwahitaji. Jike anataga bila dume kama kuku wa kisasa tu, yai linalika vizuri tena linakaa muda mrefu zaidi.

Kabla hujaleta ndege muulize afisa mifugo wa kata yako kama kuna kibali chochote kinachotakiwa, ni swali la dakika tano na litakuokoa.

Hatua ya 2: kizimba

Fundi yeyote wa mbao anaweza, mpe vipimo tu. Kwa kware 20 urefu mita 1, upana nusu mita, na kimo sentimita 25 mpaka 30 basi. Fundi atakubishia, atakuambia mama hii fupi mno ndege watapata tabu, mwambie afanye hivohivo. Kware akishtuka anaruka wima kama risasi, ukimpa kimo cha nusu mita anapata nafasi ya kuchukua kasi na kichwa kinagonga juu, utakuta asubuhi ana damu utosini au amekufa kabisa. Chini ya sentimita 30 hapati mwendo wa kujiumiza. Ukiwa unataka banda refu la kuingia mtu, basi liwe refu kweli kama mita 2 na dari liwekwe kitu laini kama wavu wa kitambaa, ile ya katikati ndo mbaya.

Chini weka wavu wa matundu madogo ya nusu inchi, kinyesi kinadondoka kwenye trei ya bati au boksi la plastiki, unamwaga kila siku au siku mbili. Usiruke hili. Kinyesi cha kware kina harufu kali ya amonia kuliko cha kuku na ndo kitu kitakachokukosanisha na wenye nyumba, kikirundikana kinawaumiza hata ndege wenyewe macho na mapafu. Kile kinyesi usitupe, kichanganye na majani makavu kiive mwezi mmoja au miwili kabla hujakipeleka kwenye mchicha, kikiwa kibichi kinaunguza.

Sakafu ya wavu iinamishe kidogo kuelekea mbele ili yai libingirike lenyewe litoke nje, kidogo tu, ukiinamisha sana yanagongana yanapasuka. Ndani kona moja weka kibakuli cha mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, wanaoga humo wanafurahi sana na utitiri unapungua.

Miguu ya kizimba iweke kwenye makopo yenye oili chafu au maji. Siafu. Ndugu yangu siafu wakiingia usiku hawaachi kitu, na ndege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Panya nao ni wezi wa mayai na vifaranga, paka anaingiza mkono kwenye tundu anavuta mguu. Kizimba kikae sehemu yenye hewa lakini upepo usipige moja kwa moja, na mvua isifike.

Hatua ya 3: kununua

Una njia mbili, vifaranga wa siku moja au wakubwa kidogo wa wiki 3 hivi ambao wameshaota manyoya. Kama ni mara yako ya kwanza chukua wa wiki 3 hata kama bei ni zaidi, maana umeshavuka kipindi kigumu na pia unaona nani dume nani jike. Angalia macho yawe mang'avu, nyuma pawe pakavu pasipo na kinyesi kilichoganda, wanakimbia ukiingiza mkono. Anayesimama amejikunja huku mabawa yameshuka usimchukue hata kwa bure.

Muulize muuzaji kama ni wa kawaida au ni jumbo. Wa kawaida akikomaa ana gramu 120 mpaka 160 hivi, jumbo anafika 250 na kupita. Kwa mayai wa kawaida anatosha kabisa na anakula kidogo, kwa nyama jumbo ndo utaona kitu kwenye sufuria.

Hatua ya 4: siku kumi za kwanza (kama umechukua wa siku moja)

Hapa ndo patamu na hapa ndo wengi wanapolia, kwahiyo niruhusuni nirefushe.

Kifaranga wa kware anatoka na gramu 7 au 8. Yani ni kama kidole gumba chenye miguu. Mwili mdogo namna hiyo haushiki joto, akipoa nusu saa tu amekwisha. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 35 mpaka 37 pale wanapolala, alafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki mpaka wiki ya 4 wakishaota manyoya yote. Dar kwenye joto la Februari mchana unaweza kuzima kuanzia wiki ya pili, Njombe au Limuru usithubutu.

Tumia boksi kubwa la katoni au beseni pana, taa juu upande mmoja tu, upande wa pili uwe na ubaridi kidogo ili kila mmoja ajichagulie. Taa ninayosema ni balbu ile ya zamani ya kuungua waya, ya wati 60 au 100. Sio hizi nyeupe za kubana matumizi! Mi nilifunga nyeupe mbili, boksi linang'aa kama saluni, nikaingia kulala nimeridhika kabisa, asubuhi wamelala juu ya wenzao kona moja, walio chini wamekufa. Zile taa zinatoa mwanga, joto hakuna. Mama mkwe wangu alikuwepo akaangalia akaniambia "mwanangu, hawa walikuwa wanasoma usiku?" Mpaka leo ananitania.

Kama umeme kwenu sio wa kuaminika uwe na mpango wa pili kabla vifaranga hawajafika. Chupa za plastiki za lita moja na nusu zenye maji ya moto, zizungushie kitambaa, wanajibanza pembeni yake, unabadilisha kila baada ya masaa mawili matatu. Jiko la mkaa lililofunikwa na chungu nalo linafanya kazi vizuri lakini liwe sehemu inayopitisha hewa, moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua ndege na unaua watu, usilale nalo chumba kimoja kabisa.

Kipimajoto ni kizuri ila vifaranga wenyewe ndo kipimo. Wakilundikana chini ya taa na kulia sana ni baridi, wakikimbilia kona za mbali midomo wazi ni joto limezidi, wakitawanyika wanakula na wengine wamelala ovyoovyo kama walevi basi umepatia. Usishtuke na hao wa kulala ovyo, mara ya kwanza utadhani wamekufa.

Chini usiweke gazeti peke yake, linateleza, miguu inapanuka kila mmoja na upande wake na haitarudi tena. Weka kitambaa cha zamani kisicho na nyuzi za kunasa au karatasi ngumu yenye makwaruzo siku 4 za kwanza, badae ndo uweke maranda ya mbao. Ukianza na maranda siku ya kwanza watayala wakidhani ni chakula.

Maji. Sahani yoyote yenye kina hata cha sentimita 2 ni bwawa kwao, wanaingia wanalowa wanazama au wanakufa kwa baridi. Tumia kifuniko cha chupa au cha kopo, jaza gololi au kokoto safi, maji yabaki kwenye mianya tu, wanadonoa katikati. Siku ya kwanza maji yawe vuguvugu na sukari kidogo, kijiko cha chai kwenye lita moja, hasa kama wamesafiri. Baada ya wiki moja unaweza kutoa gololi.

Na funika boksi kwa wavu mwembamba, kwasababu kuanzia siku ya 10 hivi wanaanza kuruka, unafungua asubuhi unakuta mmoja yuko kwenye ndoo ya unga.

Hatua ya 5: chakula

Kware anataka protini nyingi kuliko kuku, hilo ndo la kukumbuka. Wiki 3 za mwanzo iwe asilimia 24 na kuendelea, wanaotaga asilimia 18 mpaka 20. Chakula cha kware kilichotengenezwa kabisa hakipatikani kila duka, kwahiyo wengi tunachukua stata ya broila, yani chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, kwa vifaranga alafu tunaongezea dagaa waliosagwa au soya iliyokaangwa na kusagwa. Soya mbichi usiwape, inazuia mwili kutumia protini, mpaka ipate moto. Stata yenyewe mara nyingi ni chengachenga kubwa kwa midomo yao, isage au ichekeche kwa chujio siku za mwanzo.

Wakifika wiki ya 6 wahamishie kwenye chakula cha kuku wa mayai, nacho ongezea dagaa kidogo maana protini yake iko chini kidogo ya wanachotaka. Kidogo nimesema. Ukizidisha dagaa yai linanuka samaki, mteja wangu mmoja aliniuliza kama ndege wangu wanaishi ziwani. Chokaa ya mifugo au magamba ya kome yaliyosagwa wawekee kwenye kibakuli peke yake, jike anachukua anachotaka, ukiona maganda yanakuwa laini au yanapasuka ukiyashika ujue kalsiamu haitoshi.

Mchicha, majani ya mlonge, matembele, yakatekate wape kiasi. Wanapenda pia mchwa. Chakula kilichoingia ukungu usiwape hata kama ni nusu mfuko na roho inauma, sumu ya ukungu inawamaliza polepole na hujui kinachowaua. Nunua cha wiki chache, kiweke juu ya mbao sio sakafuni.

Wanamwaga sana chakula kwa midomo, hicho ndo kinachokula faida yako kimyakimya. Jaza chombo nusu tu, alafu weka kipande cha wavu juu ya chakula ndani ya chombo, wanadonoa kupitia matundu hawawezi kukifukua.

Hatua ya 6: nani dume, nani jike

Wiki ya 3 geuza kifua. Dume kifua chake ni rangi ya kutu moja bila madoa, jike kifua kimepauka kina madoadoa meusi. Hii ni kwa wale wa rangi ya kawaida ya kahawia, weupe na wa rangi nyingine kifua hakikusaidii, subiri mpaka wiki ya 6 au 7, bonyeza taratibu sehemu ya nyuma juu ya tundu la haja, dume linatoa povu jeupe kama la kunyolea ndevu. Dume pia ndo linalotoa ule mlio wa kukatikakatika, sio mkubwa kama jogoo lakini upo.

Kwenye kizimba acha dume 1 kwa majike 3 au 4. Yakizidi yanapigana mpaka kutoana macho, na majike yanachunwa manyoya mgongoni kwa kupandwa kupita kiasi. Madume ya ziada ndo kitoweo chako cha kwanza, yatenge ule wiki ya 6, kuyaweka zaidi ya hapo unalisha tu hayaongezi kitu cha maana.

Hatua ya 7: mayai yaanze

Sasa hapa kuna jambo linalowachanganya watu, ndege wamefika wiki ya 9 wazima wanene na hawatagi. Mara nyingi ni mwanga. Kware anataka mwanga wa masaa 14 mpaka 16 ili atage mfululizo, na sisi huku karibu na ikweta mwaka mzima jua ni kama masaa 12. Kwahiyo washa taa kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku, na hapa sasa ile balbu nyeupe ya kubana matumizi ndo mahali pake, ndogo kabisa inatosha ilimradi waone chombo cha chakula. Fanya muda uleule kila siku, leo saa 2 kesho saa 5 inawavuruga. Usiwashe usiku kucha, wanahitaji giza la kulala na wakikosa wanaanza kudonoana.

Kingine ni kushtuka. Ukiwahamisha kizimba, mbwa akibweka pembeni, watoto wakigonga wavu, wanaacha kutaga siku kadhaa.

Wengi wanataga mchana kwenda jioni, tofauti na kuku, kwahiyo okota magharibi ukimaliza kazi zako na pitia tena asubuhi. Jike mzuri anakupa mayai 250 mpaka 300 kwa mwaka. Hawa wa kufugwa ni nadra sana kulalia, silika hiyo karibu imeshapotea, anataga anaondoka kama sio lake. Wakifika karibu mwaka mmoja utaona idadi inashuka, hapo uwe na kizazi kingine kinakuja nyuma.

Hatua ya 8: kutotolesha, ukishazoea

Nimesema ukishazoea. Usinunue mashine mwezi wa kwanza.

Chukua mayai ya siku 7 kurudi nyuma, masafi bila kuyaosha, yasiyo na ufa wala umbo la ajabu, yakae sehemu ya ubaridi ncha nyembamba ikiwa chini. Kwenye mashine joto nyuzi 37.5 hivi, unyevu asilimia 50 mpaka 55, geuza angalau mara 3 kwa siku. Siku ya 15 acha kugeuza, ongeza maji unyevu upande 65 mpaka 70, funga mlango na usifungue tena kwa umbea. Siku ya 17 au 18 utasikia vilio. Waache wakauke humohumo kabla ya kuwahamishia kwenye boksi ambalo umeshalipasha moto. Kuyamulika kwa tochi kujua yenye kifaranga ni kazi ngumu kwasababu ya yale mabaka, mi nimeacha.

Mwaka jana siku ya 16 luku iliisha saa 8 usiku wakati nimelala, nilishtuka saa 12 asubuhi mashine imepoa. Kati ya mayai 60 walitoka 9. Tangu siku hiyo wiki ya kutotolesha naweka umeme wa ziada na blanketi liko juu ya mashine tayari, umeme ukikatika unafunika unaacha matundu ya hewa, unavuka masaa mawili matatu bila hasara kubwa.

Kama huna mashine, kuku wa kienyeji mdogo mwenye mwili mwepesi akiwa ameatamia anaweza kukulalia, mwekee mayai ya kware peke yake kwasababu yanatoka siku 17 na ya kwake 21. Kuku mkubwa atayavunja.

Madume ya kupandisha badilisha na mfugaji wa mtaa mwingine kila kizazi. Kware akizaliana ndugu kwa ndugu anaharibika haraka sana, vizazi vichache tu mayai hayatotoi na vifaranga ni dhaifu.

Hatua ya 9: magonjwa

Kware ni mgumu kidogo kuliko kuku, lakini sio kwamba haumwi kama wanavyokudanganya wauzaji. Usimfuge pamoja na kuku hata kama wanaelewana, kuna magonjwa anayapokea kutoka kwa kuku na mengine anaweza kuyabeba bila kuonyesha dalili. Ugonjwa unaowamaliza hasa ni ule wa vidonda vya utumbo, kinyesi kinakuwa majimaji meupe, ndege anajikunyata, wanakufa wengi kwa siku chache. Unaenezwa na kinyesi, ndo maana nikasisitiza wavu na trei. Ukiona hivyo tenga wagonjwa, safisha vyombo, na mpigie mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, usianze kumwaga dawa za kuku kwa kukisia vipimo, ndege wa gramu 150 anazidishiwa dozi kirahisi mno. Na ukiwa unatumia dawa uliza siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama.

Mgeni yeyote, yani ndege mpya, akae peke yake wiki 2 kwanza.

Hatua ya 10: kuchinja na jikoni

Usiwape chakula usiku wa kuamkia kuchinja, maji wape. Kisu kiwe kidogo na kikali, unamshika mabawa na miguu kwa mkono mmoja, ni ndege mdogo shingo ni nyembamba, bismillahi na kata mara moja, sio kusugua. Mwache damu itoke yote. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto wa kuvumilika kidogo tu, yakichemka ngozi inachanika, chovya sekunde chache kama 20 hivi toa. Ukiwa na haraka mchune na ngozi yake yote kwa vidole, dakika moja umemaliza, ila akichomwa bila ngozi anakauka. Pasua mgongoni kwa mkasi, fungua kama kitabu, toa vya ndani, maini na firigisi usitupe.

Wa kawaida akishasafishwa anabaki na gramu 100 tu kwahiyo mtu mzima hesabu wawili. Mi nawaloweka na ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi saa moja, naweka kwenye jiko la mkaa dakika 5 upande mmoja na 5 mwingine, basi. Akikaa motoni kama kuku wa kienyeji anakuwa kamba. Wa kwenye nazi: kaanga kwanza kidogo, pika tui na nyanya mpaka liive, yeye umtie mwishoni dakika 10.

Mayai weka kwenye maji yanayochemka dakika 4, hamishia kwenye maji ya baridi, bingirisha mezani kwa kiganja mpaka ganda lote lipasuke alafu menya kuanzia upande butu. Usiyanywe mabichi hata kama mtu amekuambia ndo dawa, ni yai kama mayai mengine na linaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, watoto na wajawazito ndo kabisa wasiguse bichi.

Hatua ya 11: ziada kuuza

Mi siuzi kwa trei. Nachemsha, namenya, naweka 5 kwenye kifuko na kachumvi na pilipili kidogo, jioni mwanangu anapeleka saluni mbili na kijiwe kimoja cha bodaboda, zinaisha. Siku nyingine nafanya egichopu ndogondogo, yai la kware katikati ya viazi au nyama ya kusaga, kwenye shughuli za watu zinagombaniwa kwasababu mtu anatia yote mdomoni mara moja. Wakiniuliza kama yanatibu presha nawaambia ni mayai matamu. Wawili watatu wanaondoka kwenda kwa anayesema yanatibu, sawa, wengine wanarudi kesho yake na hela za juzi.

Kabla hujaongeza kutoka 20 kwenda 60, andika kwenye daftari wiki 4 mfululizo umeokota mangapi, mmekula mangapi, yameuzwa mangapi na yamebaki mangapi kwenye bakuli. Yakiwa yanabaki kila wiki, kizimba cha pili bado.